Maili 2,555 na Mahali pa Kusimama

Barabara ya Interstate 40 (I-40) ya Marekani huanzia Wilmington, mji wa bandari katika jimbo la North Carolina karibu na Bahari ya Atlantiki, na kuishia Barstow, mji wa jangwani huko California. Kati ya miji hiyo miwili kuna maili 2,555 hivi, sawa na zaidi ya kilomita 4,100, na majimbo manane: North Carolina, Tennessee, Arkansas, Oklahoma, Texas, New Mexico, Arizona na California. Simu ikiulizwa safari hiyo ni ya muda gani, hujibu kuwa haifiki saa 40. Jibu hilo ni sahihi kwa gari lisilo na watu ndani. Halihesabu foleni ya Nashville ofisi zinapofungwa, wala mtoto anayetapika kwenye kona za milima ya Appalachia, wala kujaza mafuta, kula, kuchimba dawa na kulala. Msafiri anayezichukua saa hizo na kuzigawa kwa siku nne huwa amechelewa kabla hajatoka nyumbani, na kuanzia hapo kila mahali anaposimama anaona kama anaibiwa.

Hapo ndipo mipango mingi ya safari ndefu inapoharibikia. Umbali hupangwa kwanza, kisha vituo vinachomekwa palipobaki upenyo. Utaratibu bora ni kinyume chake: vituo vitangulie, kwa sababu ndivyo vinavyoamua siku ianze saa ngapi, gari liende hadi wapi, fedha kiasi gani zitumike na nani ashike usukani. I-40 inafaa kuwa mfano kwa kuwa ni ndefu, inamalizika bila kulipa ushuru wa barabara, na inapita milima, misitu, mashamba, nyika na jangwa katika safari moja.

Mtandao wa interstate, yaani barabara kuu zinazounganisha majimbo, ulizaliwa na sheria aliyoitia saini Rais Dwight Eisenhower mwezi Juni 1956. Eisenhower alikuwa na kumbukumbu zake kuhusu barabara. Mwaka 1919, akiwa ofisa kijana wa jeshi, alisafiri na msafara wa magari ya kijeshi kutoka Washington hadi San Francisco. Walitumia siku 62, wakinasa kwenye tope na mchanga na kuvunja madaraja ya mbao waliyoyakanyaga. Miaka ya Vita vya Pili vya Dunia barani Ulaya aliziona barabara pana za Ujerumani, naye akarudi nyumbani akijua anachokitaka.

Sheria hiyo ya 1956 ilikuwa na kifungu ambacho msafiri wa leo hukutana nacho kila baada ya saa mbili bila kujua kimetoka wapi: vituo vya mafuta na biashara nyingine hazikuruhusiwa ndani ya eneo la barabara yenyewe. Aliyezoea barabara ya Morogoro, ambako machungwa, korosho na maji ya chupa humfuata abiria hadi dirishani, ataona jambo geni. Kwenye I-40 hakuna anayeuza kitu. Yapo maeneo ya kupumzikia yanayotunzwa na serikali za majimbo, yenye vyoo safi, meza za nje, ramani na pengine mashine ya soda, basi. Mafuta, chakula na kitanda vyote viko nje, kwenye njia za kutokea, na mabango ya bluu hutangulia kutaja vilivyopo huko. Kwa hiyo kusimama ni uamuzi unaofanywa mapema. Anayeipita njia ya kutokea hawezi kugeuza gari. Atasubiri inayofuata, na huko magharibi inayofuata inaweza kuwa mbali.

Namba zenyewe za barabara hizi ni msaada mkubwa kwa mpangaji. Namba shufwa ni za barabara zinazokwenda mashariki na magharibi, zikipanda kutoka kusini: I-10 iko jirani na Meksiko, I-90 jirani na Kanada. Namba witiri ni za kaskazini na kusini, zikipanda kutoka Pasifiki: I-5 iko California, I-95 iko pwani ya Atlantiki. Namba ya tarakimu tatu ni tawi, na tarakimu ya kwanza ikiwa shufwa, kwa kawaida tawi hilo linauzunguka mji au kupita kando ya katikati yake, kama I-440 ya Nashville. Anayetaka kuikwepa foleni ya mjini aanze kwa kutafuta namba za aina hiyo.

Lakini hazina hasa iko kwenye vibao vidogo vya kijani vilivyosimama kando ya lami. Kila maili ina namba yake, na kwa barabara kama I-40 hesabu kwa kawaida huanzia mpaka wa magharibi wa jimbo. Njia za kutokea nazo hupewa namba kufuata maili hizo. Dereva anayeingia Tennessee kutoka mashariki hukuta namba zikishuka kutoka 450 na ushee. Nashville iko karibu na 210. Memphis iko mwanzoni kabisa, penye sifuri. Akiwa maili ya 260 anajua Nashville imebaki maili 50, dakika 45 hivi, bila kugusa simu. Ndiyo maana orodha ya vituo inafaa iandikwe kwa namba za njia za kutokea, na iandikwe kwenye karatasi, kwa sababu mtandao wa simu hupotea jangwani na betri haina ahadi na mtu.

Kituo cha kwanza kinachohitaji kufikiriwa ni cha mafuta. Kampuni mbili kubwa za vituo vinavyohudumia malori, Love's na Pilot, zina makao makuu yake katika miji ya I-40 yenyewe, Oklahoma City na Knoxville, na vituo vya namna hiyo vimejaa njiani. Vina vyoo, bafu za kulipia, chakula cha moto na taa zinazowaka usiku kucha. Mgeni huhangaika zaidi kwenye pampu. Karibu kote mteja hujaza mwenyewe: anachomeka kadi, na pampu inamwuliza tarakimu tano za msimbo wa posta wa anwani yake. Kadi ya benki ya Nairobi au Dar es Salaam haina tarakimu hizo, hivyo mara nyingi inakataliwa. Dawa yake ni kuingia dukani, kumtajia mhudumu namba ya pampu na kiasi cha dola, kulipa, halafu kurudi kujaza. Kilichozidi hurudishwa. Mwenye gari la petroli asome pia maandishi ya pampu, asifuate rangi ya mpini tu, maana rangi za huko si lazima zifanane na alizozizoea kwao.

Upande wa mashariki, hadi Oklahoma City, hakuna haja ya kuhesabu lita. Kuanzia Texas kwenda mbele ni busara tangi lisishuke chini ya nusu. Kipande cha mwisho, kati ya Needles na Barstow, ni maili 140 na zaidi za jangwa la Mojave zenye vituo vichache mno, na petroli ya California huwa ghali kuliko ya Arizona. Anayejaza upande wa Arizona kabla ya kuvuka Mto Colorado hulala na chenji yake.

Baada ya mafuta, saa za usukani. Sheria ya shirikisho inamruhusu dereva wa lori la mizigo kuendesha saa 11 tu baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, na akishaendesha saa 8 lazima akatize kwa nusu saa. Huyo ni mtu ambaye kazi yake ni hiyo, na ndani ya lori lake kuna kifaa kinachorekodi kila dakika. Baba mwenye gari la familia hana kifaa, hana msimamizi, na mara nyingi ana haraka kuliko dereva wa lori. Kwake saa sita au saba za usukani kwa siku zinatosha, na kila saa mbili gari lisimame hata kama hakuna aliyeomba. Kwa mwendo wa barabara hizi, ambazo nje ya miji huruhusu maili 65 hadi 75 kwa saa, hiyo ni maili 350 hadi 400 kwa siku isiyo na matembezi yoyote. Siku yenye kituo cha maana, 250 zinatosha kabisa.

Wapo wanaotetea safari ya usiku: barabara tupu, hakuna jua, watoto wamelala. Hoja ya watoto ina ukweli. Lakini ajali za kusinzia huongezeka kati ya usiku wa manane na alfajiri, kisha tena alasiri, wakati ambao mwili wenyewe unadai usingizi hata kama mtu amekunywa kahawa. Usiku kulungu huvuka barabara katika misitu ya mashariki, na karibu na Flagstaff, Arizona, huvuka elki, mnyama mwenye uzito wa ng'ombe. Halafu kuna tatizo la maegesho. Jua likizama maeneo ya kupumzikia hujaa malori hadi mengine kuegeshwa kwenye mabega ya njia za kuingilia, na dereva mchovu wa gari dogo aliyetegemea kujiegesha hapo kwa dakika ishirini anakosa pa kuingia. Usiku ni wa kulala. Aliyepanga kufika kituoni kabla ya giza hana haja ya kuwa shujaa.

Mwelekeo wa safari nao una la kusema. Anayekwenda magharibi huendeshea jua likiwa machoni kuanzia alasiri, hasa kwenye tambarare za Texas na New Mexico ambako hakuna mti wala kilima cha kulikinga. Kwa upande mwingine, njia hiyo humzawadia saa tatu. Ya kwanza hupatikana katika Tennessee, kati ya Knoxville na Nashville. Ya pili kwenye mpaka wa Texas na New Mexico. Ya tatu ina vituko. Arizona haisogezi saa wakati wa kiangazi kama majimbo mengine, isipokuwa katika ardhi ya Wanavajo, kwa hiyo wakati wa kiangazi saa hubadilika mtu anapoingia Arizona, na wakati wa baridi hubadilika anapoingia California. Msafiri mwenye tiketi ya saa maalumu lazima ajue ni saa ya nani. Faida ni kwamba mwili ulioamka mashariki huamka mapema magharibi, bila kengele. Kuondoka saa 12 asubuhi kunakuwa rahisi, na saa 8 mchana, jua linapoanza kusumbua, gari tayari limeegeshwa.

Hapa inabidi kukumbuka kwamba si zamani sana kupanga vituo kulikuwa suala la uhai kwa baadhi ya raia wa nchi hiyo. Kuanzia mwaka 1936 Victor Hugo Green, msambaza barua aliyeishi Harlem huko New York, alitoa kitabu cha mwongozo kwa Wamarekani weusi wenye magari: hoteli gani itawapokea, nyumba ya nani ina chumba cha wageni, wapi watapata chakula, kinyozi au fundi. Kitabu hicho, kilichojulikana kama Green Book, kiliendelea kutolewa hadi miaka ya 1960. Ilikuwapo miji ambayo mtu mweusi hakuruhusiwa kuonekana jua likishazama, na vilikuwapo vituo vilivyopokea fedha yake ya petroli na kumnyima choo. Familia zilibeba chakula cha siku nzima, mablanketi na dumu la akiba, si kwa kupenda pikiniki. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipiga marufuku ubaguzi huo hotelini na mikahawani. Moteli moja ya Atlanta iliipinga mahakamani, na mwezi Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi yake. Moteli hiyo ilikuwa jirani na barabara mbili za interstate, na robo tatu hivi ya wageni wake walitoka nje ya jimbo. Majaji wakasema Bunge lina mamlaka juu ya biashara inayovuka mipaka ya majimbo. Haki ya kulala njiani ilipatikana kwa hoja ya barabara.

I-40 yenyewe imeunganisha sehemu tatu za historia hiyo, na hizo ndizo nguzo ambazo ratiba nzuri ya upande wa mashariki inaweza kujengwa juu yake. Ya kwanza ni Greensboro, maili 200 hivi kutoka Wilmington. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne weusi wa chuo cha North Carolina A&T waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, wakanyimwa huduma, wakakataa kuondoka. Duka hilo sasa ni makumbusho, na kaunta ipo palepale. Aliyetoka Wilmington asubuhi anafika kabla ya mchana, anatembea saa mbili, kisha anaendelea hadi Asheville, milimani, kulala.

Baada ya Asheville barabara inaingia kwenye korongo la Mto Pigeon, mpakani mwa Tennessee. Mwezi Septemba 2024 mafuriko ya kimbunga Helene yaliondoka na sehemu ya barabara hapo, na ilipofunguliwa tena mwezi Machi 2025 ilikuwa njia moja kila upande, kwa mwendo wa polepole. Kule Memphis, mwezi Mei 2021, wakaguzi walikuta ufa kwenye chuma cha daraja la I-40 juu ya Mto Mississippi, nalo likafungwa kwa karibu miezi mitatu. Mpango usio na njia ya pili haujakamilika. Majimbo mengi yana namba ya simu 511 au tovuti inayoeleza hali ya barabara, na kuiangalia kila asubuhi huchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Nashville na Memphis zinaonyesha pia kwa nini mtu atoke barabarani. Nashville, I-40 ilipitishwa katikati ya mtaa wa Wamarekani weusi wa Jefferson Street, wenye maduka na kumbi za muziki. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 1967, wakashindwa. Memphis, barabara hiyohiyo ilipangwa ipasue bustani ya Overton Park. Wakazi wa huko walifika Mahakama Kuu, na hukumu ya mwaka 1971 ikachangia kuukwamisha mpango huo. Mpaka leo I-40 ikifika Memphis hupinda kaskazini kuuzunguka mji badala ya kunyooka. Anayepita kwa maili 60 kwa saa haoni mtaa uliovunjwa wala bustani iliyopona. Anaona kuta za zege na mabango ya matangazo, na atasema Tennessee ni ndefu. Ni kweli ni ndefu, maili 455, lakini kosa si la Tennessee.

Nguzo ya pili, Memphis, inastahili mchana mzima. Moteli ya Lorraine, ambako Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, ni Makumbusho ya Taifa ya Haki za Kiraia. Uso wa jengo umeachwa ulivyokuwa, na shada la maua limening'inizwa kwenye kibaraza mbele ya chumba namba 306. Nguzo ya tatu ni Little Rock, maili 140 hivi mbele, penye shule ya sekondari ya Central, ambako mwaka 1957 wanafunzi tisa weusi waliingia darasani wakilindwa na wanajeshi waliotumwa na Eisenhower, miezi kumi na tano tu baada ya kuitia saini sheria ya barabara. Jengo bado ni shule, hivyo wageni huanzia kituo chao kilicho ng'ambo ya barabara, na kuingia ndani kunahitaji nafasi iliyowekwa mapema. Makumbusho mengi hufungwa siku moja au mbili za wiki. Kalenda ya Memphis ndiyo ipange siku ya kuondoka Wilmington, si kinyume chake.

Arkansas iliyobaki na Oklahoma ya mashariki zinaweza kupitwa bila kujuta. Oklahoma City ina kumbukumbu ya shambulio la bomu la tarehe 19 Aprili 1995, viti 168 vitupu juu ya majani, kimoja kwa kila aliyeuawa. Kutoka hapo I-40 inafuata njia ya barabara ya zamani namba 66, iliyoanzishwa 1926 na kufutwa rasmi 1985, na vipande vyake bado vinapitika kando. Kuviandama vyote ni kujichosha. Kimoja au viwili vinatosha: pengine mtaa mkuu wa mji mdogo wenye moteli za miaka ya hamsini, na Cadillac Ranch karibu na Amarillo, Texas, magari kumi yaliyofukiwa pua ardhini mwaka 1974, ambayo wapita njia huyapulizia rangi. Watoto watakumbuka hayo magari kuliko makumbusho yote, na hakuna ubaya.

Kituo kinachoonyesha faida ya kupanga kuliko vyote ni Hifadhi ya Taifa ya Petrified Forest huko Arizona, yenye magogo yaliyogeuka mawe zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. I-40 inaikatiza. Anayetoka mashariki akiingia kwa njia ya kutokea namba 311 atapita hifadhi yote kutoka kaskazini hadi kusini, maili 28, kisha atoke upande wa pili na kuirudia I-40 mjini Holbrook, bila kurudi nyuma hata hatua. Aliyeingilia Holbrook atapoteza muda kurudi alikotoka. Hifadhi hufungwa jioni, kwa hiyo kuondoka Albuquerque, New Mexico, alfajiri ni lazima. Grand Canyon, maili 80 kutoka Flagstaff, inataka siku yake peke yake. Vyumba vya ndani ya hifadhi huwekewa nafasi hata mwaka mzima kabla. Asiyepata alale Flagstaff au Williams.

Kwa familia za Waswahili waishio Marekani kipo kituo kingine kisichoandikwa kwenye ramani: kwa ndugu. Greensboro, Nashville na Amarillo ni miongoni mwa miji iliyopokea wakimbizi, wakiwamo Wakongomani, na Wakenya na Watanzania wametapakaa njia nzima. Kulala kwa shemeji kunaokoa fedha ya moteli, ila kusihesabiwe kama usiku mmoja. Mgeni atafika saa 12 jioni, ugali utaiva saa 4 usiku, watu watasalimiana hadi saa 8, na asubuhi shangazi hatakubali watu waondoke bila chai na picha. Ni heshima, na ni nusu ya sababu ya kusafiri. Basi siku inayofuata ipangiwe maili chache, 150 au 200, na mwenyeji aambiwe mapema kwamba wageni wana safari. Aliyelala moteli siku moja kabla huenda kwa ndugu akiwa mchangamfu. Aliyekwenda moja kwa moja kutoka usukanini husinzia sebuleni, na hilo halipendezi.

Kuvuka mpaka wa jimbo hakuna kizuizi cha polisi wala muhuri, lakini sheria hubadilika hapohapo. Bangi inayouzwa dukani California, Arizona na New Mexico ni kosa mkononi mwa mpita njia huko Texas na Tennessee, na kuivusha mpaka wowote wa jimbo ni kosa la shirikisho. Tennessee, Arizona na California haziruhusu simu kushikwa mkononi wakati wa kuendesha. Majimbo yote yanamtaka dereva ahamie njia ya mbali au apunguze mwendo anapopita gari la polisi au la wagonjwa lililosimama kando. Leseni, usajili wa gari na bima ziwe mahali panapofikika bila kupekua, na asiye raia abebe hati zake za uhamiaji. Polisi akisimamisha gari, dereva hukaa ndani na mikono yake ibaki juu ya usukani. Kushuka kwenda kujieleza, kama ilivyo kawaida kwingi Afrika Mashariki, huko huchukuliwa vibaya. Na karibu na Needles, baada ya kuingia California, kuna kituo cha ukaguzi wa kilimo. Wakaguzi huuliza kuhusu matunda na mimea, na machungwa yaliyonunuliwa njiani yanaweza kuishia mikononi mwao. Afadhali yaliwe Arizona.

Majira ya kusafiri hayana jibu moja, kwa sababu barabara ndefu hivi haina hali ya hewa moja. Aprili hadi Juni ni msimu wa vimbunga vya nchi kavu Oklahoma na Texas. Julai na Agosti jangwa la Mojave hupita nyuzi 43 za Selsiasi, na gari lenye kiyoyozi kibovu halina kazi huko. Desemba hadi Machi theluji hushuka Flagstaff, mji ulio mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na barafu huweza kuifunga barabara Arkansas. Mwisho wa Septemba hadi Oktoba ndiyo nafuu, japo pwani ya North Carolina bado iko katika msimu wa vimbunga vya bahari na Albuquerque ina tamasha lake la maputo mwanzoni mwa Oktoba, ambapo vyumba hupanda bei na kuisha.

Kwa hesabu hizo, safari ya siku nne inakuwa ya siku kumi au kumi na moja, ikiwamo moja isiyo na mpango wowote, ya kufulia nguo na kufidia yaliyokwama. Gharama haiongezeki kwa kiwango hichohicho. Moteli nyingi hutoa kifungua kinywa na karibu zote zina mashine ya barafu, hivyo kisanduku cha kutunzia chakula baridi hupunguza sana gharama ya mikahawa. Kinachouma ni gari la kukodi: wenye umri chini ya miaka 25 hutozwa zaidi, na kuliacha gari mji mwingine kuna tozo yake, ambayo pengine inazidi nauli ya ndege ya kurudi. Bei hiyo iulizwe kabla ya kulipa chochote, maana ndiyo itakayoamua kama safari ni ya kwenda tu au ya kuzunguka na kurudi kwa barabara nyingine.

I-40 huishia Barstow, lakini wengi wanakwenda Los Angeles, mwendo wa maili 120 hivi zaidi kwa I-15 na barabara za mjini. Asubuhi na kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 1 usiku magari ya huko hutambaa. Kutoka Flagstaff hadi Barstow ni maili 350, siku nzima ya kazi, na kuunganisha na foleni hiyo jioni ileile ni kumkabidhi dereva aliyechoka kipande kigumu kuliko vyote. Chumba cha usiku mmoja Barstow kinatatua jambo hilo: gari huondoka asubuhi baada ya foleni ya kwanza kupungua, na kufika pwani ya Pasifiki kabla ya chakula cha mchana.